Kayaki Ipimwe Maji Yakishakupwa



Kuna ujumbe umetufikia kutoka kwa mzee mmoja wa Tanga, mstaafu, ambaye amechoka kungoja kualikwa kwenye boti za watu kila anapotaka kwenda kuvua. Anataka chombo chake mwenyewe. Ameziona kayaki za plastiki kwenye hoteli za pwani, ameziona pia kwenye simu zikiwa zimepambwa viti na vishikio vya fimbo za kuvulia, na swali lake ni fupi: anunue ipi iliyo nyepesi, ambayo mtu mwenye mgongo wa miaka 60 na ushei ataimudu peke yake?

Mzee wetu, shikamoo. Swali lako limebeba mawili kwa pamoja, na wauzaji hufurahi sana mnunuzi asipoyatenganisha. Kuna wepesi wa kubeba, na kuna urahisi wa kuendesha chombo kikiwa majini. Mtu anaweza kununua kayaki nyepesi ikamtoa jasho baharini, na anaweza kununua nzito ikateleza vizuri majini lakini ikamshinda kuitoa nyumbani. Ukishayatenganisha hayo mawili, nusu ya kayaki zilizoko sokoni zinajiondoa zenyewe.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua kayaki mbili, moja ya kilo 24 na nyingine ya kilo 32. Mpakie kwenye kila moja mtu wa kilo 75 pamoja na kilo 13 za vitu vyake, yaani nanga, chambo, maji ya kunywa, mishipi, boksi la barafu. Ya kwanza itaelea na jumla ya kilo 112, ya pili na kilo 120. Tofauti haifiki hata 7 kwa 100, na ukipiga kafi hutaisikia. Sasa rudi pwani, ushuke, utoe vitu vyote, ushike chombo kitupu ukipandishe ufukweni. Zile kilo 8 zimekuwa robo nzima ya mzigo wa kile kizito. Kwa hiyo uzito wa kayaki ni habari ya nchi kavu. Majini kinachotawala ni umbo, na umbo tutalifikia.

Nchi kavu yetu nayo ina vituko vyake. Maelezo mengi ya kayaki yameandikwa na watu wanaoegesha gari kando ya ziwa, wanashusha chombo, wanatembea hatua chache, wamefika. Pwani ya Afrika Mashariki haiendi hivyo. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na pwani ikiwa tambarare, bahari huondoka ikakuacha. Nenda Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, siku hizo. Alfajiri maji yamejaa hadi karibu na minazi, unaweka kayaki yako majini bila taabu, unakwenda zako. Kwenye saa nne, saa tano asubuhi unarudi, na ule ufukwe uliouacha haupo tena. Mbele yako kuna mamia ya mita, na mahali pengine zaidi ya kilomita, za mchanga laini, madimbwi na majani ya bahari. Kuna na vigingi vya mwani vya akina mama, ambavyo lazima uvizunguke, maana kuburuza chombo juu ya kamba zao ni kutafuta maneno, tena maneno ya haki kabisa. Kisigino kinazama. Ukivuta kwa kamba, tezi, yaani nyuma ya chombo, inakwama kwenye jiwe. Ukiinua begani, upepo unaipiga kayaki ubavuni na kukuzungusha nusu duara, huku jua limeshapanda na mikono imechoka kwa kupiga kafi. Pale ndipo kayaki inapotaja uzito wake wa kweli, hata kama karatasi ya dukani iliandika vingine.

Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza bei, uliza maji. Pwani unayoishi inakupwa vipi? Kutoka unapolaza chombo hadi pale maji yanapoishia siku ya bamvua ni hatua ngapi, na unakanyaga nini njiani? Mtu wa Raskazone, ndani ya ghuba ya Tanga, si sawa na mtu wa Jambiani. Wala si lazima uingie baharini kila siku. Siku za maji mafu, bahari haiondoki mbali na mkondo ni wa upole, nazo ndizo siku za kayaki. Ukipanga kalenda yako vizuri umejipunguzia kilo kadhaa bila kutoa senti.

Sasa, nyepesi ni kilo ngapi? Usiniamini mimi, liamini dumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na kidogo. Libebe kutoka mlangoni hadi mwisho wa mtaa, kisha uliinue hadi usawa wa bega. Umemudu? Ongeza dumu la lita 5, urudie. Pale utakapoanza kutafuta ukuta wa kuegemea ndipo kikomo chako, na ukipunguze kilo 3, kwa sababu dumu lina mpini na halina urefu wa mita 3 wala halishikwi na upepo. Kwa watu wengi wanaofanya jaribio hili kwa uaminifu, kikomo huangukia kati ya kilo 20 na 27. Ikizidi kilo 30, jua umeingia kwenye mambo ya kigari cha magurudumu. Ikizidi 40, tafuta mtu wa pili, na huyo mtu wa pili lazima awepo wakati wa kurudi pia, si wakati wa kwenda tu.

Nikiwa hapo hapo kwenye uzito, kuna mchezo wa karatasi. Kilo zinazotangazwa mara nyingi ni za bodi tupu. Kiti cha fremu ya alumini hakimo. Usukani haumo, pedali hazimo. Muulize muuzaji uzito wa chombo kitupu na uzito wa chombo kikiwa tayari kuingia majini, na akikosa jibu la pili, omba mizani. Habari njema ni kwamba vingi vya vitu hivyo huchomoka. Kayaki ya kilo 30 ambayo kiti chake cha kilo 4 kinatoka kwa kuvuta mkanda mmoja ni rahisi kuliko ya kilo 28 ambayo kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Unakwenda safari mbili badala ya moja, basi.

Lakini kayaki za kuvulia zimekuwaje nzito kiasi hiki, ilhali asili yake ni chombo cha mtu mmoja? Kayaki ilianza kwa Wainuiti na ndugu zao wa kaskazini kabisa ya dunia, Greenland na pwani za Aktiki. Walifunga kiunzi cha miti iliyoletwa na maji na mifupa, wakakivalisha ngozi ya sili. Mwindaji aliitumia peke yake na kuibeba peke yake, hata juu ya barafu. Kayaki ya plastiki unayoikalia juu, ile isiyo na shimo la kuingiza miguu, ni jambo la juzi tu. Inahusishwa na Tim Niemier wa Malibu, California, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichonga ubao wa kutelezea mawimbi ili apate pa kukaa na kuweka vifaa vya kupiga mbizi. Chombo hicho kikaja kutengenezwa kwa plastiki ya kuokwa, kikasambaa duniani kote, wavuvi wakakiona. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie, hiyo hiyo ya California, ikaleta pedali zinazosukuma mapezi mawili chini ya chombo mfano wa mabawa ya pengwini, mikono ikabaki huru kushika mshipi. Baadaye zikaja kayaki pana ambazo mvuvi anaweza kusimama wima. Ile kubwa ya Hobie, Pro Angler ya futi 14, ikiwa na vifaa vyake vyote inapita kilo 60. Hiyo ni zaidi ya mfuko wa saruji, na mfuko wa saruji angalau unaweza kuutupa begani.

Sisemi ni chombo kibaya. Ni chombo kizuri sana kwa kazi yake. Kazi yake ni kumhudumia mvuvi wa Marekani anayeshindania samaki wa ziwani, kwenye maji yaliyotulia, anayetaka kusimama ili aone mbali na kurusha chambo cha bandia mara mia kwa siku, na ambaye ana trela na njia ya saruji inayoshuka hadi majini. Wewe mzee wangu wa Tanga unavua vipi? Nadhani unateremsha mshipi chini, unangoja changu, unangoja tasi, ukibahatika unapata kolekole wa kukutoa jasho. Hiyo kazi inafanywa umekaa. Hakuna mvuvi wa mshipi kwenye mtumbwi pale Kigombe au Mkinga anayesimama kutwa ili aonekane. Ukinunua upana wa kusimama na huna haja ya kusimama, unabeba kilo 20 za mahitaji ya mtu mwingine, na utazibeba kila siku maji yakikupwa.

Hapo tumeshafika kwenye umbo. Muuzaji atakwambia kayaki pana haipinduki. Kwenye maji bapa, kweli, haipinduki kirahisi. Ukiikalia dukani au kwenye bwawa la hoteli unajiona uko sebuleni. Lakini chombo kipana chenye tumbo bapa hufuata uso wa maji. Wimbi likija kutoka ubavuni likainama, nacho kinainama nalo, na kikishavuka kiwango fulani kinabinuka kwa mkupuo bila kukuaga. Chombo chembamba kidogo, chenye tumbo la mviringo, hutikisika tangu unapokikalia, mgeni hutishika nacho, ila kikiinama kinafika mahali kinaegemea na kurudi. Mtu akikizoea hukiona kitulivu zaidi kwenye wimbi kuliko kile cha sebuleni. Na ukipinduka, maana siku moja utapinduka, kayaki pana ya kilo 50 iliyolala kifudifudi baharini ni kazi ngumu mno kuigeuza ukiwa unaogelea. Ya kilo 25 unaigeuza kwa kuvuta mkanda wa ubavuni.

Upana una deni lingine ambalo halisemwi. Kayaki ya sentimita 90 inahitaji kafi refu, sentimita 250 au zaidi, la sivyo vidole vinagonga ubavu. Kafi refu ni zito. Watu wanahangaika kutafuta bodi iliyopungua kilo 2, wakifika kwenye kafi wanachukua lililo rahisi kuliko yote, bomba la alumini na mabapa ya plastiki, kilo 1.2. Sasa fanyeni hesabu nami. Mtu anayekwenda kwa utulivu hupiga kafi kama mara 50 kwa dakika. Saa moja ni mara 3,000. Kafi la kilo 0.8, la faiba nzuri au la kaboni, linakupunguzia gramu 400 kila mara unapoinua mkono. Zidisha: kilo 1,200 kwa saa. Tani moja na zaidi, imetoka mabegani mwako. Kama una fedha ya ziada na hujui uitie wapi, itie kwenye kafi kabla ya kuitia kwenye bodi. Hilo ningelisema hata kwa kijana.

Urefu tuupitie haraka. Kayaki fupi sana, chini ya mita 3, hucheza mkia kila unapopiga kafi, na nguvu yako inakwisha kwenye kunyoosha njia. Inayopita mita 4 inakwenda vizuri lakini inaanza kuwa tatizo juu ya gari na kwenye kona ya nyumba. Mita 3 hadi 3.6 zinatosha. Upana sentimita 72 hadi 78. Ukipata ya vipimo hivyo yenye kilo 22 hadi 27, umeipata. Angalia pia uwezo wa kubeba ulioandikwa, kisha uuchukulie theluthi mbili tu: iliyoandikwa kilo 150 ihesabu kama ya 100, maana ikishapakiwa hadi kikomo haielei vizuri, inazama makalio na maji yanakaa kwenye kiti.

Wazee wetu wa pwani waliijua habari hii ya upana zamani. Mtumbwi wa gogo la mwembe ni mwembamba, na ukiupeleka nje ya mwamba unayumba. Hawakuupanua. Waliutia matengo, miti miwili, mmoja kila upande, iliyoshikwa kwa mihimili, ukawa ngalawa: mwili mwembamba unaokata maji, na utulivu unatoka pembeni. Leo yapo maboya madogo ya kufunga kwenye kayaki kwa fikra hiyo hiyo. Yana kilo chache, yanachomoka, unayabeba kwa mkono wa pili. Kwa mtu anayeogopa kuyumba, kayaki nyembamba yenye maboya hayo ni jibu bora kuliko kayaki pana, na nashangaa kuona ni watu wachache tunaolifikiria hilo katika pwani ambayo imejaa ngalawa.

Ngalawa yenyewe si nyepesi, najua mnaniuliza. Haiinuliwi na mtu mmoja. Lakini mwenye ngalawa hayuko peke yake. Pale dikoni akifika tu, watu wanakuja, wanaweka magogo chini, mmoja anaanzisha sauti, wengine wanaitikia, chombo kinapanda. Kesho naye atakwenda kusukuma cha mwenzake. Mwenye kayaki anafika na gari saa kumi na moja alfajiri hajamjua mtu, anaondoka hajamjua mtu, na kwa hiyo analipa kwa mgongo wake kile ambacho wenzake wanalipa kwa ujirani. Ukiwa mkazi wa karibu na diko, na watu wanakufahamu, hata kayaki ya kilo 35 haitakusumbua.

Tuseme sasa juu ya kayaki zenyewe, zimetengenezwa kwa kitu gani. Zilizo nyingi ni za plastiki ya polithilini, ile ya madumu. Poda yake hutiwa kwenye kalibu kubwa ya metali inayozungushwa ndani ya tanuri, mpaka poda ikayeyuka na kuganda ukutani. Inavumilia kuburuzwa na kugonga jiwe, na ikipasuka inayeyushwa na kuzibwa kwa chuma cha moto. Mafundi wanaoziba mabeseni wanaiweza kazi hiyo. Gundi haiishiki. Adui yake ni jua, kwa hiyo ilazwe chini ya banda la makuti au ifunikwe turubai. Angalieni kitu kimoja: kayaki ya aina hii ikiwa nyepesi kupita kawaida na bei yake ni ya kutupa, mtengenezaji amepunguza plastiki. Ibonyeze kwa kidole gumba chini ya kiti na karibu na matundu ya kutolea maji. Ikibonyea kama chupa ya maji, iache. Inayokaza kidogo na kurudi, sawa.

Zipo za bamba gumu la plastiki lililopashwa moto na kuvutwa kwenye umbo, zinang'aa, na kwa ukubwa ule ule zinapungua kilo kadhaa. Ni nzuri kwa mwenye pwani ya mchanga. Zipo za faiba na kaboni, nyepesi kuliko zote, na kwa mtu anayepanda na kushuka juu ya matumbawe ni fedha inayokwaruzwa. Halafu zipo za kujaza upepo. Hizi watu huzicheka, na mimi sizicheki. Za siku hizi zina sakafu ngumu, nyingi ni kati ya kilo 12 na 20, zinakunjwa zikaingia kwenye begi. Anayeishi ghorofa ya nne Upanga au Nyali hana jingine. Atakachovumilia ni kuiosha chumvi na kuikausha kila mara, kuwa mwangalifu na ndoana na miiba ya samaki, na upepo, kwani chombo kilichojaa hewa hukaa juu ya maji na kusukumwa kama kofia.

Kuna kayaki nyingine zenye shimo, unaingiza miguu ndani. Hizo mara nyingi ni nyepesi kwa sababu hazina sakafu ya pili. Kwa ziwa dogo lililotulia, hewala. Kwa bahari, hapana. Ikipinduka inameza maji, na lita 200 za maji ni kilo 200, wewe uko nje unaogelea na kopo mkononi. Chukua ya kukalia juu. Maji yanayoingia yanatoka yenyewe kwenye matundu.

Pedali? Kwa mgongo na mabega mabovu zinasaidia kweli, miguu ina nguvu kuliko mikono. Ila zinaongeza kilo, zinaongeza bei, na yale mapezi yanashuka chini ya chombo. Kwenye maji ya magoti juu ya tumbawe utayachomoa, utapiga kafi kama wengine. Wa ziwani watafaidi zaidi. Na kwa kuwa nimewataja wa ziwani: ndugu zetu wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, na hasa wa Naivasha, hayo yote niliyosema ni yenu pia, lakini kwanza ulizeni habari za kiboko na mamba mahali hapo. Mbele ya kiboko hakuna kayaki iliyo nyepesi vya kutosha.

Kuna hatari moja inayokuja na wepesi wenyewe. Ukianguka kutoka kwenye kayaki ya kilo 22 kukiwa na upepo, kayaki huondoka. Huondoka kwa kasi kuliko unavyoogelea. Basi sheria ni kushika chombo kwanza. Kofia, simu na samaki viende zao. Kafi lifungwe kwa kamba. Jaketi okozi livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Na kupanda tena kutoka majini kujifunzwe kwenye maji ya kiunoni, karibu na pwani, kabla ya siku ya kwanza ya kuvua: unashika kingo mbili, unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta tumbo likae katikati ya chombo, kisha unageuka makalio yaingie kitini. Anayeshindwa kufanya hivyo kwenye maji ya kiunoni asiende kwenye maji ya pima tano.

Upepo muuchunguze kuliko wimbi. Asubuhi na mapema hutoka upepo mwembamba wa nchi kavu, mabaharia wanauita umande, unaokusukuma nje bila wewe kujua, kwa sababu karibu na ufukwe maji yako kimya na unajisifu kwa mwendo wako. Jua likipanda, upepo wa bahari huamka. Wenye ngalawa wamepanga maisha yao kwa ratiba hiyo, wanatoka na mmoja na kurudi na mwingine. Mwenye kayaki nyepesi hana tanga wala uzito wa kumshikilia, kwa hiyo aende nusu ya umbali anaoutamani, na kusi likishika asiende kabisa. Kaskazi linapolegea, kabla ya masika, kuna majuma ya bahari shwari ambayo hata mzee wa miaka 70 atavua kwa raha.

Gari nalo tuliseme. Watu wengi huinua kayaki nzima kwa pamoja juu ya Probox na kujiumiza. Egemeza omo, yaani mbele ya chombo, kwanza kwenye kichanja cha nyuma juu ya paa, kilichofunikwa kipande cha mkeka, kisha nenda tezi, uinue na kusukuma mbele. Kwa njia hiyo hubebi zaidi ya nusu ya uzito kwa wakati mmoja. Asiye na gari, kirikuu, yaani pikapu ndogo ya kukodi, kinatosha, na kigari cha magurudumu kitamaliza kilichobaki. Kigari kiwe na matairi manene ya kujaa upepo. Vile vigurudumu vyembamba vya plastiki hukata mchanga na kuzama, halafu unakuwa na vitu viwili vya kubeba. Ekseli isiwe ya chuma cha kawaida. Chumvi haina huruma.

Mwisho ni karatasi na salamu. Kuvua kunataka leseni, Tanzania na Kenya pia, hata kwa chombo kisicho na injini, na taratibu zake ziulizwe ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Kenya, kama Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa. Wewe mzee wa Tanga una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti jirani yako, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo ujue mipaka yake kabla ya kuteremsha mshipi. Kisha nenda dikoni bila kayaki, mchana, watu wakiwa wanatengeneza nyavu. Uliza walipo viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, ujitambulishe, uulize nyavu zinatandikwa upande gani usiku, mkondo unapita wapi, na nani ana hori au kayaki ya kukuazima kwa nusu siku. Ukipewa, iazime siku ya bamvua, saa nne asubuhi. Ukimaliza kuipandisha mpaka kwenye minazi, utakuwa unajua kilo zako.